Rangi ya Dume, Umri wa Kidimbwi

Mvua za masika zinapoanza kutulia katika nyanda zilizo nyuma ya Pwani ya Kenya, kuanzia bonde la Mto Sabaki hadi lile la Tana, udongo mweusi wa mfinyanzi hubaki umeshika maji mahali ambapo majuma machache kabla palikuwa na nyufa za kuweza kuingiza mkono. Ng'ombe hunywa humo. Watoto huoga humo. Mtu mzima hupita kando akiyalaani matope. Lakini mwenye subira ya kuchuchumaa ukingoni, akatulia mpaka kivuli chake kikazoeleka, huona jambo la kushangaza: samaki mdogo asiyefikia urefu wa kidole, mwenye mwili wa buluu na mkia mwekundu kama kaa la moto, akizunguka miongoni mwa samaki wengine wa kimo chake ambao wote wana rangi ya vumbi. Kidimbwi hakina mto unaokilisha. Miezi miwili iliyopita hakikuwapo kabisa. Samaki hawa wametoka wapi? Katika sehemu nyingi za Afrika jibu la wenyeji limekuwa kwamba wameshuka na mvua, na kwa yeyote aliyeiona ardhi ile ikiwa kavu, jibu hilo si la kuchekwa.

Wataalamu wa elimuviumbe huwaita samaki hawa kwa jina la Kilatini la jenasi yao, Nothobranchius. Wanapatikana kutoka Sudani hadi Afrika Kusini, na mmoja wao, Nothobranchius guentheri, ni mwenyeji wa kisiwa cha Unguja. Kiswahili hakijawapa jina la kitaalamu, na labda itatosha kwa sasa kuwaita samaki wa masika. Siri yao imo katika yai. Jike hutaga mayai yake ndani ya tope, na kidimbwi kinapokauka, wazazi wote hufa bila kubaki hata mmoja. Mayai hubaki chini ya udongo mkavu, kijusi kikiwa kimesitisha ukuaji wake kana kwamba kimeambiwa kisubiri. Husubiri miezi mingi, na mengine huweza kuupita msimu mmoja wa mvua na kuungoja mwingine. Maji yakirudi, huanguliwa. Hivyo basi, kila kidimbwi ni kijiji cha watu wa rika moja. Wote wamezaliwa takriban siku zile zile, na wote wana kaburi moja linalowasubiri siku ya jua.

Mwana wa jenasi hii aliyepata umaarufu kuliko ndugu zake ni Nothobranchius furzeri. Alikusanywa mwaka 1968 katika eneo la Gonarezhou, kusini mashariki mwa Zimbabwe, na kuelezwa rasmi katika maandishi ya kisayansi mwaka 1971. Kwa muda mrefu alikuwa pambo tu la wapenzi wa kufuga samaki kwenye matangi ya kioo. Baadaye ikabainika kwamba kizazi kilichotokana na samaki wale wa Gonarezhou huishi kwa takriban miezi 3 hadi 4 tu, hata kikilishwa vizuri na kutunzwa katika maji safi yasiyokauka. Hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo anayefugwa maabarani ambaye umri wake ni mfupi kiasi hicho. Mwaka 2018 watafiti wa Jamhuri ya Czech waliokuwa wakifanya kazi kusini mwa Msumbiji walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba katika vidimbwi vya porini samaki hawa hupevuka na kuwa tayari kuzaa wakiwa na umri wa siku 14 au 15, na kwamba katika wiki mbili hizo mwili huweza kurefuka kutoka milimita 5 hadi milimita 54. Umri huo haukukisiwa. Ulihesabiwa kwenye jiwe dogo lililo ndani ya sikio la samaki, ambalo huongeza duara moja jembamba kila siku, mfano wa mfungwa anayechora mstari ukutani.

Ni jambo la kawaida kusema kwamba samaki huyu huzeeka upesi, lakini hapa lugha ina la kuchangia. Kiswahili hutofautisha kuzeeka na kukonga. Mzee ni cheo. Huambatana na heshima, nafasi barazani na haki ya kusikilizwa. Kukonga ni habari ya mwili: mifupa, macho, pumzi. Samaki wa masika hukonga bila kuwahi kuwa mzee. Anapofikisha wiki kadhaa za utu uzima ndani ya tangi, mgongo huanza kupinda, rangi hufifia, ini hujaa taka za seli na mara nyingi uvimbe, pezi lililokatika halioti tena kwa wepesi wa ujana. Dalili hizo hufanana mno na za kiumbe aliyeishi miaka 80, na ndiyo sababu maabara za Ulaya, Marekani na Asia zimemkumbatia. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti, moja la Ujerumani na jingine la Marekani, yalichapisha ramani ya jeni zake zote. Ramani hiyo ilithibitisha, pamoja na mengine, kwamba jinsia ya samaki huyu huamuliwa kwa utaratibu wa kromosomu X na Y, kama ilivyo kwa binadamu. Kwa hiyo kutoka yaini, idadi ya madume na ya majike hutazamiwa kukaribiana.

Basi kitendawili kinaanzia hapo. Mtu akitumbukiza wavu katika vidimbwi vingi vya porini baada ya samaki kupevuka, majike hutoka wengi kuliko madume, na mara nyingine tofauti ni kubwa mno. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu vidimbwi vya Msumbiji uliukuta upungufu huo wa madume katika zaidi ya aina moja ya samaki hawa. Walianza nusu kwa nusu. Wameshiriki maji yale yale, chakula kile kile na joto lile lile. Wengine wamekwenda wapi?

Jibu la kwanza huonekana kwa macho, na ndilo lenyewe tatizo la dume: anaonekana. Katika maji yenye rangi ya chai ya maziwa, mkia mwekundu ni bendera. Korongo anayetembea polepole ukingoni na mdiria aliyetua juu ya kijiti hawahitaji kufanya uchaguzi wa makusudi. Jicho huchukua kinachong'aa. Mwaka 1976 mtafiti Haas alichapisha kazi yake juu ya Nothobranchius guentheri, akionyesha pande mbili za shilingi hiyo moja. Majike walivutiwa na madume wakubwa wenye rangi kali, na ndege walao samaki waliwanasa madume hao hao zaidi. Wahenga waliosema kizuri chajiuza hawakumtaja mnunuzi. Jike hununua, na korongo naye hununua. Jike kwa upande wake, aliyevaa rangi ya tope, hupita chini ya mdomo wa ndege kama mtu asiyejulikana mjini.

Mtu angeweza kudhani kwamba dume angeishi salama zaidi kwa kufifisha rangi yake. Hapana shaka angeishi. Lakini uhai wa siku 60 katika kidimbwi kitakachokauka siku ya 40 hauna thamani yoyote, wala uhai mrefu usio na mtoto hauachi yai udongoni. Dume aliyefifia hupitwa na historia bila kuacha alama. Mwenye rangi huishi siku chache, akaacha wana wenye rangi. Ndivyo kila masika inavyowaleta madume wale wale wanaong'aa na kufa mapema. Hakuna aliyewaamuru kujipamba. Waliobaki bila kupambwa ndio wasiokuwa na wajukuu.

Jibu la pili halionekani kutoka ukingoni. Madume hupigana. Hufukuzana mchana kutwa, hung'atana mapezi, na mnyonge husukumwa pembeni mwa kidimbwi ambako maji ni haba na ndege wako karibu. Hili linaweza kuchunguzwa vizuri zaidi ndani ya tangi, mahali pasipo korongo. Madume wanaofugwa kwa kundi huelekea kufa mapema kuliko majike. Lakini kila samaki anapowekwa peke yake katika chombo chake, tofauti ile hupungua sana, na mara nyingi hutoweka. Sentensi hiyo yastahili kusomwa mara mbili. Ina maana kwamba sehemu kubwa ya ufupi wa umri wa dume haikuandikwa ndani ya mwili wake kama hukumu. Iliandikwa baina yake na madume wenzake. Dume huyo huyo, mwenye damu ile ile, akiondolewa katika uwanja wa mapambano hukonga kwa mwendo unaokaribiana na wa dada yake.

Hata hivyo, asije mtu akadhani kwamba jike hula raha. Karibu kila siku ya utu uzima wake hutaga, na kwa jike aliyeshiba mayai ya siku moja huweza kuwa makumi kadhaa. Kwa uzani wa mwili wake, huo ni mzigo ambao ng'ombe wa maziwa angeukimbia. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walijaribu kuwatenga majike wasikutane na madume kabisa. Majike hao walinenepa na kurefuka kuliko wenzao, maana nguvu iliyokuwa ikienda kwenye mayai ilirudi mwilini. Lakini hawakuishi zaidi. Matokeo hayo yalikuwa kinyume cha matarajio ya wengi, kwani kuna fikra kongwe kwamba uzazi ndio unaokula uhai. Kwa samaki huyu, kupumzishwa uzazi kulimpa jike mwili mkubwa na umri ule ule.

Fikra kongwe nyingine ilipata umbo la nadharia mwaka 1957, pale mwanabiolojia wa Marekani George C. Williams alipoandika juu ya chanzo cha kukonga. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba maumbile hayana haja ya kuukarabati mwili ambao kwa vyovyote utaliwa kesho. Kutokana na hoja hiyo alitabiri kwamba katika spishi yoyote, jinsia inayokufa kwa wingi zaidi ndiyo itakayokonga kwa haraka zaidi. Kwa kuitazama hesabu ya kidimbwini, dume wa masika angepaswa kuwa mfano bora wa utabiri huo: anakufa zaidi, basi akonge upesi. Lakini akitengwa peke yake, hakongi upesi kiasi kilichotazamiwa. Nadharia nzuri imejikwaa kwenye samaki wa senti tano.

Labda kosa limo katika kuchukulia kwamba vifo vyote ni sawa. Kuna adui auaye kiholela, na kuna adui auaye wazembe. Tofauti hiyo ilipimwa mwaka 2012 na watafiti Chen na Maklakov, walipowafuga minyoo wadogo kwa vizazi kadhaa. Kundi lililopunguzwa kwa bahati nasibu lilibadilika na kuwa na umri mfupi, kama nadharia ilivyotaka. Kundi lililopunguzwa kwa joto kali, ambalo huwapata wanyonge kwanza, lilibadilika na kuwa na umri mrefu. Sasa mfikirie dume wa kidimbwini. Korongo humwona kwa sababu ya rangi yake, lakini anayekamatwa si lazima awe yeyote. Ni yule ambaye siku hiyo alichelewa kugeuka. Dume anayeishi na bendera mgongoni hana budi kuwa mwepesi, na wepesi ni afya. Huenda basi ndege, katika kuwala madume, amekuwa akichuja wale wenye miili imara. Jambo hili halijafungwa, na wanaolifuatilia porini hukabiliwa na ugumu mmoja wa kimsingi: vidimbwi vingi hufa kabla ya samaki wake kukonga. Kumchunguza mkongwe wa porini ni sawa na kutafuta mzee wa miaka 90 katika kambi ya askari.

Mwaka 2024 mjadala ulipata mwelekeo mpya kutoka maabarani. Kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Osaka nchini Japani lilifanikiwa kuwafuga samaki wa masika wasio na seli za uzazi kabisa, yaani zile ambazo hugeuka mayai kwa jike na mbegu kwa dume. Matokeo yalitengana kwa jinsia. Dume aliyenyimwa seli hizo aliishi muda mrefu zaidi, na misuli, ngozi na mifupa yake ilikuwa katika hali bora. Jike aliyenyimwa seli hizo aliishi muda mfupi zaidi. Kwa jike, mayai yalikuwa yameshikamana na homoni ya estrojeni inayoulinda mwili, na yalipokosekana ulinzi ukapungua. Kwa dume, njia ya manufaa ilionekana kupitia ini na vitamini D. Na samaki wa kawaida walipopewa vitamini hiyo, umri wao uliongezeka, dume kwa jike. Katika mwaka huo huo watafiti wa Israeli nao waliripoti kwamba kuondolewa kwa seli za uzazi kuliongeza umri wa dume, ilhali kwa jike manufaa yalikuwa katika uwezo wa mwili kujikarabati. Kwa hiyo si kweli kwamba tofauti yote imo katika mapambano na mdomo wa ndege. Ndani ya mwili pia kuna mkataba, na mkataba wa dume si wa jike.

Hapo ndipo pana hatari ya kutunga sheria moja ya samaki wote, na bahari iliyo jirani hutosha kuizuia. Pono wa miamba ya Pwani, ambao wavuvi huwajua kwa midomo yao inayotafuna matumbawe, wengi wao huanza maisha wakiwa majike wenye rangi hafifu, na baadhi yao ukubwani hugeuka madume wa buluu na kijani. Kwao, kuuliza iwapo dume huishi muda mfupi kuliko jike ni kuuliza iwapo mzee ni mfupi wa umri kuliko ujana wake mwenyewe. Na mwaka 2001, mbali na pwani ya Malindi, wavu wa meli ulimnasa silakanti, samaki wa kina kirefu ambaye hadi mwaka 1938 wanasayansi walidhani ametoweka duniani tangu enzi za dinosaria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ulioyasoma maduara kwenye magamba ya silakanti wa Komoro, ulikadiria kwamba samaki huyo huweza kuishi karibu miaka 100, kwamba jike hupevuka akiwa amepita miaka 50, na kwamba mimba yake hudumu takriban miaka 5. Jike ndiye mkubwa wa mwili. Kilomita chache tu huitenganisha bahari ile na vidimbwi vya Sabaki, lakini kati ya maisha hayo mawili mna umbali ambao hesabu za kawaida hazina kipimo chake.

Pamoja na hayo, kishawishi cha kumgeuza samaki mwalimu wa binadamu ni kikubwa. Takriban kila nchi duniani wanawake huishi zaidi ya wanaume, na kila kijiji kina wajane wengi kuliko wagane. Magazeti hupenda habari fupi: dume dhaifu, jike imara, au kinyume chake, uzazi ni sumu. Kila mmoja huchota kutoka kidimbwini kile alichokuja nacho. Anayeamini kwamba maumbile yameamua kila kitu hutaja seli za uzazi za Osaka. Anayeamini kwamba jamii ndiyo inayoua hutaja dume aliyetengwa na kupona. Wote wawili wamesema ukweli, na wote wawili wamekatiza usomaji katikati ya ukurasa. Samaki wa masika hafundishi kwamba mwanamume ni dhaifu. Anachokionyesha ni kwamba swali la nani huishi zaidi halina jibu mpaka itajwe hali aliyomo anayeulizwa: yuko peke yake au kundini, juu yake kuna ndege au kifuniko cha kioo, mvua ilikuwa ndefu au fupi. Hata samaki wa Msumbiji wanaotoka sehemu zenye mvua zaidi wameonekana kuishi muda mrefu tangini kuliko jamaa zao wa nyanda kame, ijapokuwa wote hulishwa kwa mkono mmoja. Kidimbwi alichotoka babu humfuata mjukuu hadi ndani ya maabara.

Hilo la mwisho ndilo linalopaswa kuwakosesha usingizi wanaoyajali mambo haya. Sehemu kubwa ya yale yanayojulikana kuhusu ukongwe wa samaki huyu yametokana na vizazi vilivyofugwa kioo kwa kioo, na kizazi kimoja mashuhuri kati yao kinatokana na wale waliochotwa Gonarezhou mwaka 1968. Ni samaki ambao kwa zaidi ya nusu karne hawajawahi kuona korongo. Mtu akitaka kujua kwa nini dume ana rangi, kwa nini hufa mapema na kwa nini mwili wake haukukata tamaa ya kujikarabati, hana budi kurudi kwenye tope. Na tope linapungua. Kidimbwi cha msimu hakina mwenyewe. Hakiitwi ziwa, hakiitwi kisima, hakimo katika ramani ya mpimaji ardhi aliyepita wakati wa kiangazi. Ni chepesi kufukiwa kwa lori moja la kifusi, kulimwa mpunga, kupitishiwa barabara, kutiwa dawa ya kuulia mbu. Aina kadhaa za jenasi hii, zikiwemo za Afrika Mashariki, zimo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, na baadhi yao hawajulikani kuwapo popote isipokuwa katika vidimbwi vichache. Simba akipungua, watalii huuliza. Samaki asiye na jina hata katika kamusi akipungua, anayepoteza ni yule ambaye hakujua kwamba alikuwa na kitu.

Mwishoni mwa msimu, maji ya kidimbwi huwa mazito na ya moto. Madume waliobaki ni wachache, mapezi yao yamechanika, na mmoja au wawili bado wanafukuzana katika nafasi isiyozidi upana wa sinia. Majike wanaendelea kutaga. Ng'ombe hupita, na kwato zao huyashindilia mayai ndani zaidi. Kisha jua humaliza kazi yake, udongo hupasuka, na vumbi hufunika nyufa. Humo chini, kila yai ni dogo kuliko punje ya mtama, na ndani yake kijusi kimesimamisha moyo wake au bado hakijapata moyo kabisa. Mayai ya madume yamelala bega kwa bega na ya majike, karibu nusu kwa nusu, yote yakiwa na rangi moja.